Profoma Moja, Jumla Mbili: Methodi Iliyopunguza Bei Mara Mbili

Fundi alichukua profoma dukani, jumla shilingi 570,000. Siku mbili baadaye mwenye nyumba akaja mwenyewe kulipa, muuzaji akafungua faili na kutoa nakala iliyobaki dukani: 541,500. Mzigo uleule, tarehe ileile, namba ya profoma ileile. Mwenye nyumba akasema atalipa ile ndogo, na nani angemlaumu? Shangazi mwenye duka akakubali kwa shingo upande, akapoteza 28,500, kisha akampigia simu mtoto wa kaka yake aliyemwandikia programu: "Baba, hii kompyuta yako inawahonga wateja wangu."

Duka ni la vifaa vya ujenzi, liko Morogoro, na programu yenyewe ni ndogo. Inajumlisha bei za mzigo, inatoa punguzo la asilimia 5 kwa anayefikisha laki tano, inaonyesha VAT iliyomo ndani ya bei, inachapa nakala mbili. Risiti halali inatoka kwenye mashine ya EFD kama kawaida. Hii ni ya profoma tu, ile karatasi ambayo fundi anampelekea mwenye nyumba ili apewe hela. Kijana aliyeiandika yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma Java, na alipokuja kwangu na laptopu yake alikuwa ameshaamua kwamba mbaya ni printa.

Printa haikuwa na kosa. Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mistari yenye kasoro ilikuwa michache mno, na kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri maandishi ya Java kabla hayajaendeshwa, iliipitisha yote bila kunung'unika. Anayeanza programu huogopa maandishi ya makosa yanayojaa kwenye skrini, lakini hayo ni ya kushukuru: yanakutajia mstari na sababu. Hapa hakuna kilichotajwa. Programu iliendeshwa, ikachapa, ikafunga, na ikadanganya.

Methodi iliyoitwa na isifanye kitu

Tuanze nyuma kidogo, kabla ya zile karatasi mbili. Awali kijana aliandika kila kitu ndani ya main, pale Java inapoanzia kuendesha programu, mistari inashuka tu kama orodha ya manunuzi. Chuoni wakafundishwa kugawa kazi kwenye methodi, yaani sehemu za programu zenye jina, kila moja na kazi yake, naye akaona punguzo linafaa kuwa na methodi yake. Akaandika hivi:

```java
static void punguza(int jumla) {
    if (jumla >= 500000) {
        jumla = jumla - jumla * 5 / 100;
    }
}

public static void main(String[] args) {
    int jumla = 20 * 17000 + 10 * 24000 + 5 * 4000;
    punguza(jumla);
    System.out.println("Jumla: " + jumla);
}
```

Mifuko 20 ya saruji, nondo 10 za milimita 12, kilo 5 za misumari. Jumla 600,000. Ukitoa asilimia 5 inabaki 570,000. Alipoendesha programu, ikachapa 600000.

Kwa ambaye hajazoea, tuusome mstari wa kwanza taratibu, maana kila neno pale lina kazi yake. Neno static linaruhusu methodi iitwe moja kwa moja, bila kuunda kwanza kitu cha klasi, lile fungu linalobeba methodi hizi; kwa programu ndogo kama hii, liandike tu na uendelee, maelezo yake yana siku yake. Void inasema methodi hii haitarudisha thamani yoyote kwa aliyeiita. Punguza ni jina. Ndani ya mabano kuna parameta: nipe namba nzima moja, nami humu ndani nitaiita jumla. Kilichomo kati ya mabano ya mawimbi ni mwili wa methodi, kazi yenyewe.

Kuandika hayo yote hakujafanya kazi yoyote bado. Methodi inaweza kukaa kwenye faili mwaka mzima bila kuguswa. Inaamka pale tu inapoitwa, kwa jina lake na mabano yenye thamani ndani. Kijana aliiita, mstari wa pili wa main. Kwa hiyo ilifanya kazi, na ilifanya sawasawa. Tuliweka mstari wa kuchapa ndani ya punguza, baada tu ya hesabu, na ukaonyesha 570000. Mstari unaofuata, tukiwa tumerudi main, ukaonyesha 600000.

Alitazama skrini, akanitazama, akasema, "Kaka, sasa si ni jumla hiyohiyo?"

Hapo ndipo penye mzizi wa kisa chote. Kwake yeye jina moja ni kitu kimoja. Kwa Java, ile jumla ya main na ile jumla ya punguza ni vibadilika viwili tofauti, yaani nafasi mbili za kuwekea thamani, vilivyogongana majina. Unapoandika punguza(jumla), Java haipeleki kibadilika chako. Inasoma thamani iliyomo, 600000, inaiandika upya kwenye kibadilika kipya cha methodi, na kuanzia hapo hawajuani. Ni sawa na kupeleka fotokopi ya kitambulisho ofisini: waichoree, waipige mhuri, waichane, kitambulisho chako mfukoni kiko vilevile.

Kuna njia rahisi ya kumfanya mtu alione hili mwenyewe, na napenda kuitumia kuliko maelezo. Tulibadili parameta ikawa `final int jumla`; final inakataza thamani isibadilishwe ikishawekwa. Palepale kompaila ikakataa: `final parameter jumla may not be assigned`. Yaani kosa lililokuwa limejificha likapata sauti. Huku ndiko namshauri kila anayeanza apite angalau kwa wiki chache: weka final kwenye parameta zako zote, na kila utakapojaribu kubadili nakala ukidhani unabadili asili, kompaila itakugombeza mapema. Baadaye unaweza kuacha.

Njia ya pili ni ya majina tu. Ndani ya methodi usiite kitu jina lilelile linalotumika kwa aliyeiita. Parameta ikiitwa kiasi badala ya jumla, jicho lenyewe linaanza kuuliza: hiki kiasi kimetoka wapi, na kinaenda wapi kikishabadilika?

Jibu la swali la mwisho ni kwamba hakiendi popote. Kila methodi inapoitwa hupewa eneo lake kwenye kumbukumbu, la kuweka parameta na vibadilika vyake vya ndani, na inapomaliza eneo lile linaachwa. Ile 570,000 ilizaliwa na kufa ndani ya punguza.

Haikuwa hivi tangu mwanzo wa kompyuta. EDSAC, mashine ya Cambridge iliyoanza kuendesha programu Mei 1949, haikuwa na amri ya kuita sehemu ya programu na kurudi ilikotoka. David Wheeler, kijana pale wakati ule, alibuni ujanja: anayeita anaacha anwani yake kwenye rejista ya mashine, nafasi ndogo ya kushikilia namba, na ile sehemu iliyoitwa inaitumia kujiandikia amri yake ya mwisho, ya kurudi pale ilipoitwa. Ujanja wa ajabu, programu inajihariri yenyewe ikiwa njiani. Lakini nafasi ya kuandika anwani ya kurudia ilikuwa moja tu kwa kila sehemu, kwa hiyo sehemu ikijiita yenyewe kabla haijamaliza, anwani ya kwanza inafutwa. Leo kila mwito una eneo lake na anwani yake ya kurudia, na gharama yake ni hii iliyomkuta kijana wetu: kilichomo ndani ya eneo lile hakitoki chenyewe.

Dawa iliyofanya kazi siku ya kwanza

Hayo ya juu tuliyazungumza baadaye. Wakati ule kijana alikuwa peke yake, usiku, na shangazi anataka programu kesho. Akatafuta, akaona mahali mtu amepandisha kibadilika juu ya methodi zote, akafanya vivyo hivyo:

```java
static int jumla;

static void punguza() {
    if (jumla >= 500000) {
        jumla = jumla - jumla * 5 / 100;
    }
}

static void chapaProfoma() {
    punguza();
    System.out.println("Jumla: " + jumla);
}

public static void main(String[] args) {
    jumla = 20 * 17000 + 10 * 24000 + 5 * 4000;
    chapaProfoma();
}
```

Sasa jumla ni moja kweli, ya klasi nzima, kila methodi inaigusa. Ikachapa 570000. Akalala.

Simlaumu, maana kwa ushahidi aliokuwa nao dawa ilikuwa imepatikana. Alijaribu na mzigo mmoja, nakala moja, jibu sahihi. Asubuhi shangazi akasema anataka nakala mbili, moja ya fundi na moja ya faili. Ombi la kawaida kabisa. Kijana akaongeza mstari mmoja kwenye main, chapaProfoma() mara ya pili, akaona karatasi mbili zinatoka, akaaga.

Fuatilia kwa kidole. Mwito wa kwanza: jumla ni 600,000, punguza inatoa 30,000, inabaki 570,000, inachapwa. Mwito wa pili: jumla sasa ni 570,000, bado ni zaidi ya laki tano, punguza inatoa 28,500, inabaki 541,500, inachapwa. Wangehitaji nakala ya tatu ingetoka 514,425. Ya nne 488,704, na hapo ndipo ingetulia, kwa vile iko chini ya laki tano.

Kwa nini basi hawakuligundua mapema? Kwa sababu wateja wengi wa duka lile hununua vitu vya elfu thelathini, elfu hamsini. Kwao punguza haina la kufanya, nakala mbili zinafanana. Kosa lilikuwa linawasubiri wateja wakubwa tu, na wateja wakubwa ndio hulinganisha karatasi.

Ukiitazama chapaProfoma kwa jicho la mgeni, jina lake linakuahidi kwamba itachapa. Halikuambii kwamba itabadili bei. Mtu yeyote angeiita mara mbili bila wasiwasi, kama ambavyo ungechapa barua mara mbili. Ubaya wa kibadilika cha klasi kinachoguswa na kila mtu uko hapo: ukisoma main peke yake huwezi kujua jumla ina thamani gani mstari wa tatu, mpaka usome mwili wa kila methodi iliyoitwa katikati. Kwa programu ya mistari arobaini inawezekana. Kwa ya mistari elfu nne, utaomba uhamisho.

Kurudisha, na kupokea

Tulichofanya ni kufuta kibadilika cha juu na kuiandika methodi upya ili itoe jibu:

```java
static int baadaYaPunguzo(int kiasi) {
    if (kiasi >= 500000) {
        return kiasi - kiasi * 5 / 100;
    }
    return kiasi;
}
```

Void imeondoka, imekuja int: methodi hii inaahidi kurudisha namba nzima. Neno return hufanya mambo mawili kwa mpigo, linabeba thamani kwenda kwa aliyeita na linaifunga methodi palepale. Ule mstari wa mwisho, return kiasi, kijana alitaka kuuacha, akisema kama mteja hajafika laki tano hakuna cha kurudisha. Kompaila ikasema `missing return statement`, na ilikuwa na haki: umeahidi namba, utoe namba kwa kila njia, hata kwa mteja wa misumari nusu kilo.

Jina nalo limebadilika, na sikulibadilisha kwa urembo. Punguza ni amri. Ukiisoma unatarajia kitu fulani kitapungua. BaadaYaPunguzo ni jina la thamani. Ukiisoma unatarajia kupewa namba. Nina kawaida ya kuzipa methodi zinazorudisha thamani majina ya vitu, na zile zinazotenda jambo, kama kuchapa au kuhifadhi faili, majina ya vitendo. Si sheria ya Java, wengine hawaifuati, lakini hunipunguzia maswali.

Kisha kijana akarudi main na kuandika:

```java
baadaYaPunguzo(jumla);
System.out.println("Jumla: " + jumla);
```

Ikachapa 600000. Tumerudi tulipoanza.

Java haimlazimishi mtu kupokea jibu. Ukiita methodi inayorudisha int na usiliweke jibu lake popote, inakokotoa, inarudisha, na jibu linamwagika. Kompaila haisemi neno. Kati ya wote niliowahi kuwasaidia, hii ndiyo hatua inayowachosha zaidi, kwa sababu wameshaandika return, wanaamini kazi imekwisha. Kurudisha ni nusu. Nusu nyingine iko kwa aliyeita:

```java
int yaKulipa = baadaYaPunguzo(jumla);
System.out.println("Jumla: " + yaKulipa);
```

Hapo ikachapa 570000. Mwito wenyewe sasa umekaa mahali pa namba: upande wa kulia wa alama ya sawa, pale ambapo ungeweza kuandika 570000 kwa mkono. Ukilishika hilo, mengine yanafuata yenyewe. Unaweza kuuweka mwito ndani ya println, ndani ya if, ndani ya mabano ya mwito mwingine. Na unaweza kuita baadaYaPunguzo(jumla) mara mbili, mara mia, jibu halibadiliki, maana jumla haijaguswa na mtu. Tulichapa nakala tano tukazipanga mezani. Zote 570,000.

Kisha chapaProfoma ikapewa parameta yake, `static void chapaProfoma(int kiasi)`, na haihesabu tena chochote. Inachapa inachopewa.

Ninavyoona asili ya kosa

Mtu atasema kijana hakusoma vizuri. Mimi naelekeza kidole kwenye somo la kwanza la methodi kama linavyofundishwa karibu kila mahali:

```java
static void salimia() {
    System.out.println("Habari yako");
}
```

Ni fupi, linaonekana kwenye skrini, darasa linacheka, kila mtu anaamini ameelewa. Alichoelewa hasa ni kwamba methodi ni kifungu cha mistari kilichopewa jina, na kwamba kazi ya methodi ni kuonyesha kitu. Siku anapohitaji methodi impe namba ya kutumia mbele, hana picha yake kichwani. Ataandika void, atachapa ndani yake, kisha atajaribu kuandika `System.out.println(punguza(jumla))` na kukutana na `'void' type not allowed here`, ujumbe ambao hauna maana kwa mtu ambaye tangu aanze hajaona methodi isiyo ya void isipokuwa kwa mbali.

Ningekuwa na somo lile mikononi mwangu ningeanza na methodi inayorudisha, ya mstari mmoja, kisha ningechelewesha void mpaka wanafunzi wamechoka kupokea majibu. Wapo watakaosema inatisha. Lakini mtoto wa darasa la tano ameshakokotoa eneo la mstatili: unampa urefu na upana, anakupa jibu. Anachofanya ni methodi yenye parameta mbili na return. Salamu ndiyo ngeni.

VAT, ambako namba zilianza kujificha upya

Baada ya punguzo kukaa sawa tulipitia methodi ya VAT, nayo ilikuwa na mambo yake. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na kijana alikuwa ameandika `return kiasi * 18 / 100;`. Kwa 570,000 inatoa 102,600. Ingekuwa sahihi kama bei za dukani hazina VAT ndani, lakini bei za shangazi zinayo tayari: ile 570,000 ni sehemu 118, na kodi ni 18 kati ya hizo. Kwa hiyo:

```java
static int vatNdani(int kiasi) {
    return kiasi * 18 / 118;
}
```

Hii inatoa 86,949. Tofauti ni 15,651 kwenye karatasi moja. Java haina namna ya kujua ipi ndiyo sahihi. Zote mbili ni int inayozaa int. Ndiyo maana nikamwambia jina liwe vatNdani, si vat tu, ili atakayeisoma mwakani asilazimike kubahatisha.

Kijana akajaribu kuipendezesha, akaandika `18 / 118 * kiasi`, kwani kwenye hisabati ni kitu kilekile. Ikatoa 0. Java inagawanya namba nzima kwa namba nzima na kutupa mabaki, kwa hiyo 18 kwa 118 ni sifuri, na sifuri mara laki tano ni sifuri. Kuzidisha kwanza, kugawanya baadaye.

Na kuna swali la nini kinapelekwa. Ukiita vatNdani(jumla) unapata 91,525, VAT ya bei ambayo mteja halipi. Inatakiwa vatNdani(yaKulipa), au ukitaka kwa mkupuo, vatNdani(baadaYaPunguzo(jumla)): mwito wa ndani unamaliza kwanza, jibu lake linakuwa chakula cha wa nje. Methodi zote mbili ni sahihi kila moja peke yake. Kosa linaweza kuwa kwenye mwito tu, na hakuna atakayeliona kwa kuisoma methodi.

Halafu nikamwomba aipe vatNdani milioni 120, nikidai ni mauzo ya mwezi. Ikajibu -18092943. VAT hasi! Int ya Java haiendi mbali zaidi ya 2,147,483,647, na 120,000,000 mara 18 inavuka pale, inazunguka na kutokea upande wa hasi, ndipo inagawanywa. Kwa hesabu hii kikomo ni 119,304,647. Wanaoandika vitabu vya Java kwa mifano ya dola hawakutani na ukuta huu mapema. Kwetu sisi wa shilingi uko jirani sana. Tukabadili parameta na aina ya thamani inayorudishwa kuwa long, namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi. Waliokuwa wakiipelekea int hawakuhitaji kubadili upande wa kupeleka, Java inaipanua yenyewe, ila upande wa kupokea ukagoma: `incompatible types: possible lossy conversion from long to int`. Kibadilika kinachopokea nacho kikawa long. Anayebadili kile methodi inachorudisha ajiandae kuwapitia wote wanaoiita.

Kuhusu kuiweka 18 mahali pamoja: mwaka 2020 Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa sababu ya korona, na Januari 2021 ikairudisha 16. Mwenye programu aliyeandika 16 kila alipohitaji kodi alilazimika kuisaka faili nzima mara mbili ndani ya mwaka, huku akiogopa kubadili 16 ambayo ni ya kipenyo cha nondo. Mwenye methodi moja ya VAT aligusa mwili wake tu.

Swali ambalo halikuwa la Java

Wakati tunajaribu namba mbalimbali kijana akaona jambo. Mteja wa 495,000 analipa 495,000. Mteja wa 510,000 anapunguziwa, analipa 484,500. Aliyenunua zaidi analipa kidogo kuliko aliyenunua pungufu. Akadhani tumekosea tena.

Hatukukosea, ndivyo kanuni ya duka ilivyo. Tukaenda kwa mwenyewe. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwambia inawezekana punguzo lihesabiwe kwenye kile kinachozidi laki tano tu, na kwenye programu ni mwili wa baadaYaPunguzo pekee utakaobadilika, kwingine kote hakuguswi. Kwa mzigo wetu wa 600,000 mteja angelipa 595,000. Shangazi akapiga kwenye kikokotoo chake, akatikisa kichwa. "Mwalimu, mafundi watanikimbia. Acheni ilivyo. Mtu akifika laki nne na tisini na tano, mimi mwenyewe namwambia aongeze mfuko mmoja wa saruji."

Tukapiga hesabu: 495,000 na mfuko wa 17,000 ni 512,000, ukitoa asilimia 5 analipa 486,400. Saruji amebeba na chenji imebaki. Kwa hiyo baadaYaPunguzo ikabaki kama ilivyokuwa, na kijana akaongeza methodi nyingine kwa ajili ya muuzaji ambaye hana uzoefu wa shangazi. Laki tano ukitoa asilimia 5 ni 475,000, kwa hiyo yeyote aliye kati ya hapo na laki tano anafaa kuambiwa (boolean ni jibu la ndiyo au hapana):

```java
static boolean aambiweAongeze(int jumla) {
    return jumla > 475000 && jumla < 500000;
}
```

Akaiita ndani ya main kabla ya chapaProfoma, jibu akalipokea kwenye if, na ujumbe unatokea kwenye skrini ya muuzaji tu, kwenye karatasi haumo.